Kinga ya Maofisa wa Dola na Haki za Wanachama wa Upinzani: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Shauri Nchini Tanzania

Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa wakati polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya chama cha upinzani cha CHADEMA ya kufungua tawi. Waandishi wenzake walikuwa wamepiga picha zilizomwonyesha akiwa amezingirwa na askari, na Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Tarehe 16 Februari 2018, huko Kinondoni, Dar es Salaam, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Akwilina Akwilini, alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala wakati polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama hicho hicho. Jalada la askari waliochunguzwa lilifungwa kwa maelezo kwamba ushahidi haukutosha, ilhali viongozi wa chama walishtakiwa kwa matukio ya siku hiyo, wakatiwa hatiani Machi 2020, na hukumu hiyo ikatenguliwa na Mahakama Kuu mwaka 2021.

Sheria iliyowahusu askari wa Nyololo ndiyo iliyowahusu askari wa Kinondoni. Hakuna kifungu cha kinga kilichomlinda mmoja na kumwacha mwingine. Kilichotofautiana ni ushahidi uliofika mezani. Kwa hiyo mwongozo huu, unaowalenga viongozi wa matawi, familia za waliokamatwa au kuuawa, na mawakili vijana wanaoanza kushika mashauri ya aina hii, hauanzi na mahakama. Unaanza na kinga yenyewe, kisha kalenda, kisha daftari, kwa sababu maofisa wengi wanaokwepa mkono wa sheria hawaokolewi na kinga iliyoandikwa bungeni, bali huokolewa na siku zilizopita bila ombi kufunguliwa na maelezo ambayo hakuna aliyeyaandika.

Namba za vifungu nimezitaja kwa uchache, na kwa makusudi. Toleo la Urekebu la sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika mwaka 2025, limebadilisha mpangilio wa namba katika sheria nyingi, na wakili anayenakili namba kutoka kwenye hukumu ya zamani anaweza kujikuta akijibu pingamizi ambalo lisingekuwepo. Vifungu vya Katiba nimeviacha kama vilivyo.

Hatua ya kwanza: Itambue kinga unayokabiliana nayo

Watu husema kwa jumla kwamba "hawa hawashitakiwi." Kauli hiyo huchanganya mambo manne yaliyo tofauti, na kila moja lina njia yake.

Kinga nzito kuliko zote ni ya Rais, iliyomo katika ibara ya 46 ya Katiba. Akiwa madarakani hawezi kushitakiwa kwa kosa la jinai. Shauri la madai linalohusu jambo alilolifanya yeye binafsi huhitaji notisi ya angalau siku 30, na baada ya kuondoka madarakani hashitakiwi kwa lolote alilolifanya kama Rais, isipokuwa pale alipoondolewa na Bunge kwa utaratibu wa ibara ya 46A. Kinga hii humlinda mtu, haifuti kosa la Serikali. Amri iliyotoka juu ikavunja haki ya mtu hupingwa mahakamani kwa kumshitaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yalieneza mtindo huo kwa Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika na Jaji Mkuu, kwamba kwa matendo yao ya kikazi anayeitwa mahakamani ni Mwanasheria Mkuu. Anayeng'ang'ania kuandika jina la kiongozi kwenye hati kwa sababu linapendeza kwenye mkutano wa hadhara anaipa Serikali pingamizi la awali bila malipo.

Aina ya pili ni kinga ya nia njema. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996 huwalinda maofisa wake kwa matendo ya kikazi, na marekebisho yake ya mwaka 2023 yalipingwa na vyama vya upinzani pamoja na mashirika ya haki za binadamu kwa sababu ya upana wa ulinzi huo. Msingi wa kinga ya namna hii ni kwamba tendo lilifanyika katika kutekeleza wajibu na kwa nia safi. Basi kazi ya mlalamikaji ni kuonyesha, kwa ukweli mmoja baada ya mwingine, kwamba lililofanyika halikuwa kazi ya kisheria: watu hawakujitambulisha, hawakuonyesha hati ya kukamata, gari lilikuwa na namba zisizolingana na usajili wake au halikuwa na namba kabisa, aliyekamatwa hakupelekwa kituo chochote, jina lake halikuandikwa katika kitabu cha mahabusu, na familia ilipouliza iliambiwa hayupo. Ofisa anayetenda kazi halali hana sababu ya kuficha mahali alipompeleka mtu. Kila tendo la kuficha ni hoja dhidi ya nia njema, na ndiyo maana maelezo madogo madogo nitakayoyataja katika hatua ya tatu yana thamani kubwa kuliko hotuba.

Ya tatu ni kizuizi cha mahakama. Ibara ya 41(7) ya Katiba huzuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume ya Uchaguzi kutangaza mshindi, na ibara ya 74(12) huzuia mahakama kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake. Katika shauri la Jebra Kambole, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua tarehe 15 Julai 2020 kwamba kizuizi cha ibara ya 41(7) kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi huo ni hoja nzuri ya kuwekwa kwenye maombi, lakini haujaifuta ibara yenyewe, na msomaji asiahidiwe kwamba umeifuta.

Ya nne si kinga hata kidogo, ingawa ndiyo inayoogopwa zaidi mitaani. Askari polisi, mgambo au askari magereza hana kinga kwa sababu tu amevaa sare. Sheria inamruhusu kutumia nguvu inayohitajika kukamata mtu, na ikizidi hapo anawajibika yeye mwenyewe, wala kusema "niliamriwa" hakulifanyi kosa lililo wazi kuwa halali. Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu adhabu ya kifo maofisa wawili wa polisi kwa mauaji ya mfanyabiashara wa madini yaliyotokea mkoani Mtwara mwaka 2022. Marehemu hakuwa mwanasiasa, na naamini hilo lilirahisisha mambo, lakini kwa hoja ya kinga shauri hilo linatosha.

Hatua ya pili: Andika kalenda kabla ya kuandika hati

Familia nyingi husubiri. Husubiri polisi watoe taarifa, husubiri chama kitoe tamko, husubiri mazishi yapite. Wakati huo mlango mmoja baada ya mwingine unafungwa.

Mlango unaofungwa mapema kuliko yote ni wa Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha. Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoa miezi 2 tu tangu tendo litokee au tangu mlalamikaji alipolifahamu. Kitengo cha Rufani cha mahakama hiyo kimeusimamia muda huo kwa ukali. Shirika la IMLU la Kenya lilifungua shauri kuhusu mauaji na mateso ya Mlima Elgon ya kati ya mwaka 2006 na 2008; kitengo cha awali kililipokea, lakini Machi 2012 Kitengo cha Rufani kililitupa kwa kuwa lilikuwa nje ya muda, na hoja kwamba ukiukwaji ulikuwa ukiendelea haikuliokoa. Anayesubiri upelelezi wa ndani uishe ndipo aende Arusha, kwa hiyo, huwa amekwisha chelewa.

Madai ya fidia katika mahakama za ndani yana kalenda yake. Sheria ya Ukomo hutoa miaka 3 kwa madai ya kawaida ya madhara, lakini hutoa mwaka 1 tu pale tendo linapodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa, na mawakili wa Serikali watasema tendo la askari liko humo. Hesabu mwaka 1. Katika mwaka huo punguza siku 90 za notisi ambayo Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inaidai kabla ya kufungua shauri, na utaona kwamba muda uliobaki ni kama miezi 9, ambayo huisha upesi kwa familia yenye msiba.

Andika tarehe hizi zote kwenye karatasi moja, ibandikwe ofisini kwa chama na nakala ikae kwa wakili.

Hatua ya tatu: Daftari la saa 24 za kwanza

Chagua mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, mtulivu, asiye msemaji wa chama, awe mtunza daftari. Kazi yake ni kuandika alichokiona mwenyewe na kile walichomwambia mashahidi, akitenganisha mambo hayo mawili, kila ingizo likiwa na tarehe, saa na jina la aliyesema.

Kuhusu ukamataji, aandike idadi ya watu, nguo walizovaa, silaha walizobeba, lugha na majina waliyoitana, aina ya gari, rangi, namba, na uelekeo lilikokwenda. "Walikuja watu wasiojulikana na Noah nyeusi" haitoshi, kwa kuwa Dar es Salaam ina maelfu ya Noah nyeusi. Kilichomo ubavuni mwa gari, kioo kilichopasuka, stika ya bima iliyokaa mahali pasipo pa kawaida, ndivyo vinavyolitofautisha. Pale nyumba ilipopekuliwa, aandike kama mwenyekiti wa mtaa au jirani aliitwa kushuhudia, nani alisaini hati ya vitu vilivyochukuliwa, na kama nakala iliachwa.

Kisha anakwenda vituoni, akiongozana na mtu wa pili. Katika kila kituo anauliza kaunta kama mtu huyo yupo, anaandika jina na namba ya askari aliyejibu, saa ya jibu na maneno ya jibu lenyewe. Anafungua taarifa ya mtu kupotea au kushambuliwa na kuchukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa katika kitabu cha kituo. Akikataliwa RB, kukataliwa huko kunaandikwa kama tukio linalojitegemea, kisha barua inapelekwa kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kwa kamanda wa mkoa, na nakala inagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri wakikataa kuugonga, barua itumwe kwa posta ya rejesta na risiti ihifadhiwe.

Sababu ya usumbufu wote huu ilionekana wazi katika kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, na wenzake, ambayo Serikali iliiondoa Machi 2022. Sehemu kubwa ya kesi ndogo ndani ya kesi hiyo ilikuwa ubishi juu ya mahali washitakiwa walipowekwa, na kitabu cha mahabusu kilibishaniwa kwa siku nyingi. Upande wa utetezi usingekuwa na la kuuliza kama hakuna aliyekumbuka kituo, siku na saa.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Kenya. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao walitoweka baada ya kutoka mahakamani, ambako mteja alikuwa amemlalamikia askari polisi. Wakiwa wamefungiwa katika kituo kidogo cha polisi cha Syokimau, Kimani aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya chooni akakitupa nje. Mpita njia alikiokota na kuwasiliana na familia. Watatu hao hawakuokolewa. Lakini kipande kile kiliwaweka mahali ambapo polisi walisema hawakuwepo, kikawa sehemu ya ushahidi uliowatia hatiani maofisa 3 wa polisi na mtoa habari wao Julai 2022. Hakuna karatasi iliyo ndogo mno kuhifadhiwa.

Picha na video zinahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama itataka kujua nani alirekodi, kwa kifaa gani, kilihifadhiwa wapi, na kama faili limeguswa. Simu iliyorekodi isifutwe wala kuuzwa. Faili la awali likae kwenye simu hiyo na kwenye diski mbili zilizo mahali tofauti, kwa sababu kinachotumwa kupitia WhatsApp hubanwa na kupoteza taarifa zake za asili. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini; waliotegemea kuhifadhi mtandaoni peke yake walikuwa hatarini kupoteza kila kitu mara simu inaponyang'anywa. Aliyerekodi aandike maelezo yake na kuyasaini wiki hiyo hiyo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi.

Hatua ya nne: Daktari na PF3

Majeruhi atibiwe kwanza. Hospitali nyingi huomba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kwa majeraha ya aina hii, na mtu aliyepigwa na polisi huogopa, kwa haki, kwenda kuiomba kituo kile kile. Aende kituo kingine, na akiwa na hali mbaya apelekwe moja kwa moja sehemu ya dharura, fomu ifuate baadaye. Mwombe daktari aandike kila jeraha kwa ukubwa, mahali lilipo na umri wake, pamoja na maelezo ya mgonjwa ya jinsi lilivyopatikana. Makovu ya pingu kwenye vifundo vya mikono na uvimbe wa nyayo hufifia ndani ya siku chache, hivyo yapigwe picha kukiwa na rula kando.

Kwa marehemu, familia iombe kwa maandishi uchunguzi wa mwili, na daktari wa upande wake awepo, kabla ya kukubali kuzika. Najua uzito wa ombi hili kwa familia, hasa ya Kiislamu, inayotaka kuzika siku ile ile. Hata hivyo uamuzi ni wao, na wakili ana wajibu wa kuwaeleza kwamba kufukua mwili baadaye kunahitaji amri ya mahakama.

Hatua ya tano: Ombi la habeas corpus

Mtu anayeshikiliwa anapaswa kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa makosa yasiyo na adhabu ya kifo ndani ya saa 24. Saa hizo zikipita bila mtu kuonekana, ombi la habeas corpus, yaani la kuitaka dola imlete mtu huyo mbele ya mahakama, lifunguliwe Mahakama Kuu chini ya hati ya dharura, likiambatana na kiapo. Wajibu maombi huwa mkuu wa kituo, kamanda wa polisi wa mkoa, Mkuu wa Jeshi la Polisi na Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Maombi mengi huangukia kwenye kiapo. Serikali hujibu kwa sentensi moja, kwamba haimshikilii mtu huyo, na kama kiapo kimejaa "nimeambiwa" na "inaaminika," jaji hana cha kushika. Kiapo kitolewe na aliyeona mtu akichukuliwa na dola, au aliyemwona ndani ya kituo, au aliyepokea simu ya askari, na kila shahidi aape kiapo chake. Aliyeona mtu akipandishwa kwenye difenda ya polisi ana nguvu kuliko taarifa 10 za vyombo vya habari.

Ombi hili lisisubiri kikao cha Kamati Kuu. Tarehe 6 Septemba 2024, Ali Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alishushwa kwenye basi jijini Dar es Salaam na watu wenye silaha, na mwili wake ukapatikana muda mfupi baadaye. Wakili wa zamu wa chama au wa shirika la msaada wa kisheria anapaswa kuwa na rasimu ya ombi tayari, ikisubiri jina na tarehe tu.

Hatua ya sita: Jinai

Taarifa ya jinai dhidi ya ofisa hupelekwa polisi kama nyingine yoyote, lakini nakala iende kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa sababu ndiye mwenye mamlaka ya kuamua juu ya mashtaka na anaweza kuelekeza upelelezi. Kwa kifo kilichotokea mikononi mwa polisi au magereza, familia ina haki ya kudai uchunguzi wa kimahakama wa kifo chini ya Sura ya 24 ya sheria, na utaratibu huu, usiotumika vya kutosha, huwalazimisha mashahidi wa polisi kujibu maswali hadharani hata kabla ya mtu yeyote kushitakiwa. Sheria pia inaruhusu mashtaka binafsi kwa kibali cha hakimu, ingawa Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuyachukua na kuyaondoa.

Wakenya wana chombo ambacho sisi hatuna. IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ni mamlaka huru inayowachunguza polisi bila kuwategemea polisi wenyewe. Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka wa huko alitangaza kuwashtaki maofisa wa polisi kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu kutokana na msako wa Kisumu baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, ambamo mtoto wa miezi 6, Samantha Pendo, alipoteza maisha. Shauri limechelewa mno kwa mizani yoyote ya haki, lakini liliwafikia wakubwa walioongoza operesheni, si askari wa chini peke yao. Chama chochote cha upinzani Tanzania kinachoandaa ilani kingefanya vyema kudai chombo kama hicho kabla ya kudai kingine.

Kwetu, kilicho karibu ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Malalamiko kwake ni bure na hayahitaji wakili, na inaweza kuita watu na nyaraka. Ila haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, hivyo panga mfuatano mapema, na usiache miezi 2 ya Arusha ipite kwa kuingoja.

Hatua ya saba: Fidia na shauri la kikatiba

Notisi ya siku 90 iende kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, ikitaja tukio, madhara na kiasi kinachodaiwa. Shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu huunganishwa. Risiti za matibabu, barua ya mwajiri juu ya mshahara uliopotea na hesabu ya utunzaji wa watoto viambatishwe tangu mwanzo.

Shauri la kikatiba, chini ya ibara ya 30(3), hulenga sheria au mwenendo wenyewe, na kwa kawaida husikilizwa na majaji 3. Ibara ya 26(2) humpa kila mtu haki ya kuchukua hatua kulinda Katiba, lakini marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi na amalize kwanza njia nyingine za nafuu. Masharti hayo yamepingwa hadi Mahakama ya Rufani, kwa hiyo wakili asome hali yake siku ya kufungua shauri. Njia salama ni kumweka mwathirika halisi awe mlalamikaji wa kwanza, na chama au shirika liwe nyuma yake.

Hatua ya nane: Arusha, Banjul na kwingineko

Mahakama ya Afrika Mashariki haidai mlalamikaji amalize njia za ndani, na huo ndio uzuri wake mkuu. Tarehe 16 Novemba 2005 wanausalama wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala ili kuwakamata tena washitakiwa waliokuwa wamepewa dhamana, walioshitakiwa pamoja na mpinzani Kizza Besigye. Katika shauri la James Katabazi, mahakama ya Arusha iliamua mwaka 2007 kwamba kitendo hicho kilikiuka utawala wa sheria ambao Mkataba wa Jumuiya unaudai. Shauri lililo karibu nasi zaidi ni lile la Freeman Mbowe, Zitto Kabwe, Hashim Rungwe, Salum Mwalimu na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambamo tarehe 25 Machi 2022 mahakama iliona kwamba vifungu kadhaa vya marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa vinakiuka Mkataba. Hoja za maombi zijengwe juu ya ibara za 6(d) na 7(2), yaani utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria.

Mahakama ya Afrika, ingawa ipo Arusha hiyo hiyo, haipatikani tena moja kwa moja kwa mtu binafsi wa Tanzania. Serikali iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko Novemba 2019, na kuondoa huko kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Mlango uliobaki ni Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul nchini Gambia, inayopokea malalamiko baada ya njia za ndani kumalizwa au kuonyeshwa kuwa hazifai, na ambayo yenyewe inaweza kupeleka shauri mahakamani. Tanzania haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso, hivyo kamati yake haipokei malalamiko ya mtu kutoka hapa. Hata hivyo vikundi kazi vya Umoja huo kuhusu watu waliotoweka na kuhusu kuwekwa kizuizini kiholela hupokea taarifa bila kudai uridhiaji, na kile cha waliotoweka kina utaratibu wa dharura unaofaa kutumika siku zile zile za mwanzo.

Hatua ya tisa: Tume za uchunguzi

Baada ya polisi kuwaua wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF Unguja na Pemba tarehe 26 na 27 Januari 2001, na mamia kukimbilia Shimoni nchini Kenya, iliundwa tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Novemba 2025, baada ya vurugu za uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume inaweza kukusanya mengi ambayo mtu mmoja hawezi, lakini haihukumu, na muda wa ukomo hausimami kwa sababu inafanya kazi. Anayetoa maelezo mbele yake apeleke nakala, abaki na nyaraka za awali, na aendelee na shauri lake.

Hatua ya kumi: Mipaka ya chama

Shauri ni la mwathirika. Chama kilipe gharama, kitafute wakili, kiwasafirishe mashahidi, na kinyamaze pale familia inapoomba ukimya. Kutangaza jina la ofisa jukwaani kabla ya kuthibitishwa kunaweza kumwingiza msemaji katika Sheria ya Makosa ya Mtandao, kunamtahadharisha mhusika, na kunampa wakili wake hoja kwamba mashahidi walimtambua kwa sababu walilisikia jina mkutanoni. Majina ya mashahidi yasiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la tawi. Orodha yao ijulikane na watu wawili tu.

Hatua ya kumi na moja: Baada ya ushindi

Mali ya Serikali haikamatwi na dalali wa mahakama. Anayeshinda fidia huomba mahakama hati inayoonyesha kiasi anachodai, huipeleka kwa taasisi husika na kwa Mwanasheria Mkuu, na malipo yasipofanyika huomba amri ya kumlazimisha ofisa mwenye dhamana ya malipo kutimiza wajibu wake. Barua za kukumbusha ziende kila mwezi, zikitaja riba iliyoongezeka, na nakala iwekwe katika lile daftari la mwanzo, kwa sababu ofisa mpya akija kwenye taasisi hiyo ataomba faili lote upya.